Maswali ya Wasomaji: Nianzie wapi kuwaona mafundi wa Iringa?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimesoma kwamba katika jiji la Milan, Italia, kuna eneo liitwalo Brera, ambako msafiri hupita mlango hadi mlango akitazama kazi za wabunifu. Italia siiwezi, lakini mwezi ujao nitakuwa Iringa kwa siku mbili. Je, mji ule una mahali pa namna hiyo, na nifanye nini ili nisirudi na picha tu?
Fundi wa Mwanjelwa

JIBU: Marahaba, fundi. Iringa haina mtaa uliowekewa kibao cha wabunifu. Kazi za mikono zimetawanyika katikati ya mji, na mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuzifikia nyingi kwa miguu. Kumbuka tu kwamba mji umekaa juu ya kilima ilhali barabara kuu inapita chini, Ipogolo, kwa hiyo basi likikushusha huko, panda daladala, usijitese na mzigo kwenye mwinuko ule.

Asubuhi ya kwanza ningeitoa yote kwa Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Kazi iliyoipa jina ni karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo. Usicheke, maana siri yake ni rahisi: tembo hula majani na magome kwa wingi lakini sehemu kubwa hutoka bila kumeng'enywa, na nyuzi hizo zikisafishwa, zikachemshwa na kupondwa, huchotwa majini kwa fremu yenye wavu, zikaachwa zikauke. Ukiishika karatasi hiyo utaziona nyuzi za majani zikiwa zimelala huku na huku, wala haina harufu yoyote.

Wewe, hata hivyo, nadhani utakwama kwenye vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia vitambaa. Simama nyuma ya mfumaji, utazame jinsi mshindio, uzi wa kukata upana, unavyopenya kwenye mtande, nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na kubanwa, kisha ujiulize kwa nini kitambaa cha namna hiyo hufumuka haraka ukingoni kinapokatwa. Mnunuzi wa kawaida halioni jambo hilo, lakini fundi cherehani atalihitaji siku ya kukishona. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa sababu pale ni kazini kwa watu. Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, hivyo utaagiza chai kwa maandishi au kwa lugha ya alama, na kujifunza alama ya "asante" hakuchukui dakika moja.

Mchana nenda Soko Kuu kutafuta vikapu vya milulu, majani ambayo wanawake wa Kihehe huyasuka kwa mkono. Hapa nina kisa changu. Niliwahi kununua kikapu kizuri kando ya barabara nikiwa na haraka, nikakijaza viazi, na kabla sijafika nyumbani sikio moja lilikuwa limeng'oka. Tangu siku hiyo hukigeuza kikapu kwanza nitazame kitako, kwa kuwa msusi mwangalifu hubana kitako kuliko pande. Kisha hushika masikio yote mawili na kuvuta kwa nguvu. Kama kina rangi, lowesha kidole usugue, na kidole kikitoka chekundu, nguo zako zitatoka hivyo hivyo. Punguzo liombwe kwa kiasi, maana wewe mwenyewe unawajua wateja wanaotaka gauni la siku tatu kwa bei ya kupinda pindo.

Siku ya pili pitia Iringa Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Saa moja yatosha. Muda utakaobaki rudi kwa yule fundi aliyekuvutia zaidi, kwani mara ya pili watu hueleza mengi. Usiichague Jumapili kwa safari hii, mafundi wengi hupumzika. Na usiende mikono mitupu: beba futi yako, daftari, na nguo moja uliyoishona vizuri, uwaonyeshe.