Ruta ya kampuni iwe daka, yako iwe ndani

Nyumba yetu iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, na kuta zake za matumbawe zina unene wa karibu nusu mita. Mafundi wa intaneti walipokuja, waliiweka ruta yao pale waya ulipoingilia, hatua chache kutoka dakani, ile baraza ya mlangoni. Dakani waifai ilikuwa nzuri sana. Ukivuka kuta mbili, ukapanda kwenye vyumba tunavyokodisha, simu haioni kitu.

Nikaomba nenosiri la usimamizi. "Kaka, hilo hatuna ruhusa ya kulitoa," fundi alinijibu kwa adabu. Lile nililopewa lilinifungulia ukurasa wa kubadili jina la waifai na nenosiri lake, basi. Kuwatengea wageni mtandao wao, kuchagua DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), kuona ni nani anayemaliza kasi yote usiku, kote kumefungwa.

Nilipozidiwa na hasira nikabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma, kinachoirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Nilidhani itafunguka. Kilichofutika ni jina na nenosiri ambalo ruta hujitambulisha nalo kwa kampuni. Siku mbili hatukuwa na intaneti, na juu nina wageni waliolipa. Tafadhali, kitufe hicho usikiguse. Ruta ile ni mali ya kampuni, nao huisimamia kutoka mbali. Hata ukifaulu kubadili kitu leo, kesho wanaweza kukirudisha.

Njia iliyonifaa ni kununua ruta yangu na kuiweka nyuma ya yao. Waya mmoja unatoka kwenye tundu la LAN, yaani la upande wa ndani, la ruta ya kampuni na kuingia tundu la WAN, yaani la upande wa nje, la ruta yangu. Tundu la WAN mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Kabla ya kuunganisha, tazama anwani ya kila ruta, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Ruta nyingi huja na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta zote mbili zikiwa na namba zilezile, ya pili haijui nje ni wapi na ndani ni wapi. Baadhi hujirekebisha zenyewe, yangu haikufanya hivyo. Niliipa 192.168.50.1 na intaneti ikapita mara moja.

Kosa ninaloliona zaidi mitaani ni la kuchomeka LAN kwa LAN. Mpwa wangu alifanya hivyo nikiwa safarini, akanipigia: "Mjomba, simu yangu inashika, ya mama haishiki." Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, kazi iitwayo DHCP. Simu iliyopewa anwani na ruta ya kampuni ilifika mtandaoni. Iliyopewa na ile yetu ilielekezwa kwenye mlango usiotoka nje. Nyumba moja haiwezi kuwa na wagawaji wawili wa vyumba. Ukitaka kweli LAN kwa LAN, zima DHCP kwenye ruta yako na uipe anwani isiyogongana na nyingine. Hapo itasambaza waifai tu, na uwezo wa kutenga watu kwa kawaida utaupoteza.

Mimi nataka kutenga, na mpango wenyewe nimeuchukua kwenye nyumba zetu. Daka ni la mgeni wa kupita, ndani ni kwa wenyewe. Waifai ya kampuni nimeiacha kwa wanaobarizi dakani. Simu zetu, kompyuta na printa ziko nyuma ya ruta yangu, na aliye kwenye ruta ya kampuni hawezi kuzifikia kwa urahisi, kwa kuwa ruta yangu haipokei anayeanza kubisha kutoka nje. Tahadhari: kinyume chake si kweli. Aliye ndani anaweza kuifikia ruta ya kampuni, kwa hiyo usipange mgeni ndani na familia dakani. Wageni wa vyumbani nimewawashia mtandao wa wageni kwenye ruta yangu, uliotengwa na wetu.

Watu huogopa kwamba ruta mbili zikifuatana anwani zinabadilishwa mara mbili, kila ruta ikiweka yake. WhatsApp, video na benki havitasumbuka. Kinachosumbuka ni kitu kinachongoja kuitwa kutoka nje, kama kinasa picha za kamera cha aina ya zamani, na baadhi ya michezo. Ukikihitaji, iombe kampuni iiweke ruta yao kwenye bridji, yaani ipitishe tu bila kugawa anwani. Lakini kwanza tazama anwani ya nje ya ruta yao, kama ukurasa wao unaionyesha. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, kampuni inawashirikisha wateja wengi anwani moja, na bridji haitakusaidia. Uliza bei ya anwani ya umma, iliyo yako peke yako.

Kuhusu ukuta, usitoboe. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, na tundu la matumbawe halizibiki likawa kama mwanzo. Sisi tulipitisha waya juu, kandokando ya boriti, hadi orofani. Waya wa Cat5e hufika mita 100, lakini nunua wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hewa ya chumvi hula vichwa vya waya upesi. Vyangu navikagua kila upepo wa kusi unapoanza. Kisha kwenye masafa ya 2.4 GHz zipe ruta chaneli tofauti, 1 na 6 au 6 na 11.

Na betri ya kuhimili umeme ukikatika, hakikisha inalisha ruta zote mbili, pamoja na kisanduku cha faiba kama kiko peke yake. Soma volti kwenye adapta ya kila kimoja kabla ya kuchomeka. Nilianza kwa kuweka betri kwenye ruta yangu tu, na usiku ule umeme ulipokatika simu zote zilionyesha waifai imejaa na hakuna ujumbe uliotoka.