TP (kazi ya vitendo ya chuo) ya mchezo wa maandishi: shughulikieni saa kabla ya picha

Mdogo wangu, umeandika kwamba asistenti (mwalimu msaidizi wa chuo) amewapa wiki tatu, wewe na mwenzako, mtengeneze kwa lugha ya C mchezo mdogo unaochezwa katika lile dirisha jeusi la maandishi, na kwamba mmekwama mahali pawili: mchezo unasimama kungojea kitufe kibonyezwe, na skrini inamemeta mpaka macho yanauma. Umeuliza pia kama mnaweza kutengeneza mpira wa miguu wenye wachezaji 22. Nilifanya TP ya namna hiyo hapa Goma nilipokuwa mwaka wa pili, na kosa langu kubwa lilikuwa kumaliza wiki nzima ya kwanza nikipamba ukurasa wa kufungulia kwa herufi kubwa zilizojengwa kwa alama za nyota, wakati ndani ya mchezo wenyewe hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kinasogea.

Mpira wa miguu uacheni. Mchezaji mmoja anayekimbiza mpira mnaweza kumwandika kwa siku mbili, lakini wengine 21 wanaopaswa kujiamulia waende wapi watawamalizia muda wote. Mimi na mwenzangu tulichagua chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo: herufi moja iliyo karibu na mstari wa chini, inayoshuka kutoka Kibumba, kule juu kaskazini mwa Goma, na mzigo wa kabichi, mawe yakiijia kutoka juu ya skrini, na mchezaji ana vitufe vitatu tu, yaani kushoto, kulia na breki. Uzuri wake ni kwamba chukudu chenyewe hakishuki hata kidogo. Kinabaki kwenye mstari uleule, na barabara ndiyo inayosogezwa mstari mmoja kila mara, kwa hiyo programu nzima ni jedwali la herufi na namba mbili tatu za kukumbuka.

Sasa nije kwenye kukwama kwenu. Programu ambazo mmezoea kuandika darasani huuliza swali kwa scanf, hungoja mtu ajibu na kubonyeza Enter, kisha huendelea. Mchezo wa aina hii haungoji mtu. Ndani yake kuna kitanzi kimoja kinachozunguka tangu mwanzo hadi mwisho, na katika kila mzunguko kinafanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: kinaangalia kama kuna kitufe kilichobonyezwa, kinasogeza ulimwengu hatua moja, kisha kinachora. Kwenye Windows, katika faili la amri za kibodi liitwalo conio.h, kbhit hukuambia tu kama kuna kitufe kinachosubiri, na getch hukichukua. Msiite getch kabla kbhit haijasema ndiyo. Jueni pia kwamba mshale hauleti namba moja bali mbili: kwanza 224 (au 0), kisha 75 kwa kushoto au 77 kwa kulia. Tulipoteza jioni nzima kwa kutojua hilo, tukidhani kibodi imeharibika. Tumieni mishale hiyohiyo, kwa sababu mifano mingi ya kwenye intaneti hutumia vitufe W, A, S na D, na kwenye kibodi zetu za Kifaransa herufi hizo zimetawanyika vibaya: mahali pa W kuna Z, na mahali pa A kuna Q.

Kuna mtego mwingine ambao hamjaufikia bado. Mchezaji akishikilia mshale, kibodi hurudia kitufe hicho mara nyingi kwa sekunde, na kama kitanzi chenu kinachukua kimoja tu kwa kila mzunguko, vingine hujipanga foleni, hata chukudu kikaendelea kwenda kushoto wakati mtu amekwisha kuachia kidole. Dawa yake ni kuvichukua vyote vinavyosubiri, kisha kutumia cha mwisho peke yake.

Kuhusu kumemeta, nina hakika mnaita system("cls") katika kila mzunguko. Amri hiyo huamsha programu nyingine kabisa ili ije kufuta skrini, kisha nyinyi mnachora upya herufi moja moja kwa printf, na jicho linaona ule weusi wa katikati. Msifute. Rudisheni kasa (alama inayoonyesha mahali pa kuandikia) kwenye pembe ya juu kushoto kwa SetConsoleCursorPosition, kisha mwandike juu ya picha ya zamani. Na picha yenyewe iandaeni kwanza yote katika mfuatano mmoja wa herufi, ndipo muitoe kwa mara moja. Sisi tulipobadilisha hivyo, skrini ilitulia papo hapo. Na kwa kuwa herufi moja katika dirisha hilo ni ndefu kuliko upana wake, karibu mara mbili, choreni kila mraba wa barabara kwa herufi mbili, la sivyo mwendo wa kushuka utaonekana wa kasi kuliko wa kwenda pembeni.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami ningependa mpatumie siku nyingi kuliko pengine popote: saa. Tuliweka Sleep(100) mwishoni mwa kitanzi, tukaridhika, kisha tukapeleka mchezo kwenye mashine nzee za chuo, ukawa unakwenda kama mgonjwa. Sababu ni kwamba zile milisekunde 100 zinaongezwa juu ya muda wa kuchora, na kuchora kunachukua muda tofauti kwa kila mashine. Hata Space Invaders, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1978, ilikumbana na jambo hilo: wavamizi walipopungua, prosesa ilikuwa na vichache vya kuchora, kwa hiyo waliobaki walienda kasi zaidi, na mtungaji wake, Tomohiro Nishikado, aliona inanogesha mchezo akaiacha hivyo. Ninyi msitegemee bahati ya namna hiyo. Someni saa ya kompyuta kwa GetTickCount, andikeni saa ambayo hatua inayofuata inapaswa kuanza, na mlale kwa ule muda uliobaki tu.

Kasi ikishakuwa mikononi mwenu, breki inapata maana. Kwetu, mchezaji asiposhika breki chukudu kiliongeza mwendo hadi mistari miwili kwa hatua, na siku ile ile kikaanza kupita juu ya mawe bila kuanguka. Ilikuwa kwa sababu tulisogeza barabara mistari miwili kwa pamoja, ndipo tukaangalia kama kuna jiwe. Lile la mstari wa katikati halikuonwa na mtu. Sogezeni mstari mmoja, angalieni, kisha sogezeni wa pili, mwangalie tena.

Mawe nayo yana siasa yake. Mwanzoni kila mraba ulipigiwa kura peke yake, nafasi moja kwa nne, na mara kwa mara barabara ilizibwa kabisa: mchezaji anaanguka bila kosa lake, anakasirika, anaondoka. Tukageuza mpango. Kwa kila mstari mpya tunachagua kwanza upenyo, ambao hauruhusiwi kuhama zaidi ya mraba mmoja kutoka ule wa mstari uliopita, ndipo mawe yanatupwa penginepo. Kwa mwendo wa polepole njia inakuwepo daima. Kwa mwendo wa kasi usipofunga breki hutaiwahi.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyegundua kosa la mwisho. Alicheza mara sita, akanipita kwa alama, kisha akacheka: «Yaya (yaani mkubwa wangu), hauone ni barabara ileile?» Alikuwa ameikariri. Hatukuwa tumeita srand, inayochagua mahali pa kuanzia, kwa hiyo rand, inayotoa namba za bahati nasibu, ilikuwa inaanza na namba zilezile kila mara. Iiteni mara moja tu mwanzoni, mkiipa time(NULL), yaani saa ya wakati huo. Lakini wakati wa kutafuta makosa rudisheni namba moja isiyobadilika, maana ni rahisi zaidi kulifuata kosa linalojirudia mahali palepale.

Ujumbe wa kwenye skrini tuliuandika kwa Kiswahili, na naungama kwamba hapakuwa na uzalendo wowote: dirisha lile lilikuwa likigeuza kila é ya Kifaransa kuwa Ú, na «Umeanguka» haina herufi ya kuharibika.

Kugawana kazi, mmoja wenu aandike ulimwengu (jedwali, mawe, kuanguka, alama) bila printf hata moja, na mwingine aandike kibodi, skrini na saa. Kasi, upana wa barabara na wingi wa mawe vikae juu kabisa ya faili, kwa sababu siku ya kutetea TP asistenti wetu alituambia tubadilishe upana palepale mbele yake. Na wekeni nakala kwenye flashi kila jioni, umeme mnaujua wenyewe.

Kama kbhit itaendelea kuwasumbua, weka hapa sehemu ya kitanzi peke yake, mistari 20 inatosha, nitaisoma kesho baada ya kazi.