Mchele wa meli na mpunga wa bonde

SWALI: Assalamu alaykum. Nalima mpunga bonde la Ole, Pemba. Kila nikivuna, wachuuzi wananambia mchele wa meli ni rahisi kuliko wangu. Kijana wangu anasema ziko nchi hupelekewa chakula hata cha bure. Hiyo si heri? Mbona mimi naiona shari?
Mama wa watoto sita, Ole

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mama yangu alilima bonde la Cheju, Unguja, mpaka mgongo ukamkatalia. Najua kupalilia na maji yako magotini, na kuamia ndege tangu alfajiri, kisha mtu akutajie bei ya kukuliza. Huoni vibaya.

Wenzetu wa Haiti yaliwafika. Walikuwa karibu wanajitosheleza kwa mchele. Mwaka 1995 ushuru wa mchele wa nje ulishushwa mpaka asilimia 3, ukamiminika mchele wa Marekani, ambao wakulima wake husaidiwa na serikali yao. Wakulima wa bonde la Artibonite wakashindwa kushindana nao. Mwaka 2010 Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani ushuru uliposhushwa, alikiri mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kwamba lilikuwa kosa: labda liliwafaa wakulima wa kwao Arkansas, lakini Haiti ilipoteza uwezo wa kujilisha. Kukiri kukaja mashamba yameshaachwa.

Msaada nao una wakati wake. Kwenye njaa, kilo moja ya unga ni roho ya mtu, na siwezi kuupinga. Lakini ukiteremshwa bandarini wakati wa mavuno, bei huanguka, na mkulima msimu ujao hapandi. Ndiyo maana mimi naunga mkono msaada wa fedha za kununulia chakula kwa wakulima wa jirani. Jumuiya ya Ulaya iligeukia njia hiyo tangu miaka ya 1990.

Sisemi meli zizuiwe. Mabonde yetu hayatoshi kuilisha Unguja na Pemba. Ila wazee wanakumbuka: Wajapani walipoiteka Burma (siku hizi Myanmar) mwaka 1942, mchele uliokuwa ukitujia kutoka huko ukakatika, watu wakarudi kwenye muhogo na mabonde.

Wewe usiuze mpunga wote siku ya kuvuna. Ukaushe vizuri, uweke magunia mawili matatu, ukoboe kidogo kidogo na jirani zako, muuze pamoja Ramadhani ikikaribia. Mchele mpya wa bonde unanukia, na wapo watu Chake Chake wanaoutafuta kwa harufu hiyo.