Umeme Kwanza, Skrini Baadaye: Kwa Mafundi Wanaoanza Kazi ya Boti za Starehe

Kufunga vifaa vya kisasa kwenye boti za starehe katika pwani ya Kenya ni kazi yenye msimu wake. Kuanzia Mei hadi Julai, kusi inapovuma kwa nguvu na uvuvi wa burudani ukiwa umelala, boti nyingi za Watamu, Malindi, Kilifi na Mtwapa hupandishwa nchi kavu, na wenyewe huja na maboksi ya skrini, rada na redio wakitaka kila kitu kiwe tayari kabla wageni hawajaanza kurudi. Wewe unayeanza kazi hii utatamani kuyafungua maboksi hayo siku ya kwanza. Nakushauri uyaache yalivyo, uchukue mita na tochi, kisha ushuke kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hujikusanya.

Huko chini, kata waya mmoja wa zamani na uvue ganda lake kiasi cha urefu wa kidole. Mara nyingi utakuta nyuzi nyeusi zinazovunjika ukizigusa, kwa sababu maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Waya wa namna hiyo huwasha taa ya kabati bila lawama yoyote, na ndiyo maana mwenye boti atakuapia kwamba umeme wake ni mzima. Hauwezi, hata hivyo, kubeba redio au rada. Badilisha kwa waya wa baharini, ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Ni ghali kuliko waya wa nyumba, na hapo ndipo utakapobishana na mwenye boti kuhusu bei. Usikubali kushindwa katika ubishi huo.

Unene wa waya upigiwe hesabu, usikadiriwe kwa macho. Chukua redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ya wati 25, ambayo ikitangaza hula takriban ampia 6. Ikiwa iko mita 8 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 16, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, utapoteza karibu volti 0.7 njiani, kwa waya wa milimita za mraba 6, utapoteza chini ya volti 0.3. Kwa vifaa vya usalama na vya kuongozea chombo, upotevu usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12, kwa hiyo waya mwembamba umeshaanguka mtihani hata kabla betri haijachoka. Pima redio ikiwa inatangaza, kwa kuwa ikiwa kimya tu mita itakuonyesha namba nzuri isiyo na maana.

Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, kwa sababu fyuzi hulinda waya. Viungo vibanwe kwa koleo lake maalumu na kufunikwa kwa mpira wenye gundi ndani. Lehemu peke yake hukakamaza waya, na mtikisiko wa injini huuvunja pale pale ilipoishia. Pampu ya ngama ibaki na njia yake ya moja kwa moja kwenye betri, ikiwa na fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa na nahodha yuko nyumbani amelala.

Siku hizi kila mwenye boti anauliza kuhusu betri za lithiamu. Ni nyepesi, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake, ilhali betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Tatizo ni altaneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Betri ya lithiamu hunyonya mkondo wote inaopewa hadi inakaribia kujaa, na boti inayokokota nyambo huenda polepole, feni ya altaneta ikizunguka taratibu ndani ya chumba chenye joto kali. Altaneta huungua katika hali hiyo. Acha betri ya risasi iwashe injini na kupokea mkondo wa altaneta, kisha lithiamu ichajiwe kupitia chaja ya kati inayoweka kikomo cha ampia.

Ukishamaliza hayo, mtandao wa vifaa hauna uchawi. Katika NMEA 2000, mfumo unaowezesha vifaa vya boti kupeana data, kuna uti mmoja wa mgongo, yaani kebo kuu, kizuizi (rezista) cha omu 120 katika kila ncha, na tawi la kila kifaa lisizidi mita 6. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za data: ukipata karibu omu 60, vizuizi vyote viwili vipo, ukipata 120, kimoja hakipo.

Kabla ya kuing'oa skrini ya zamani, muulize nahodha kuhusu alama zake. Humo mna sehemu za samaki za North Kenya Banks na njia za kupita miamba alizozihifadhi kwa miaka mingi, na chati mpya haizijui. Zinakili kwenye kadi, na kama skrini ni kuukuu mno, ziandike kwa mkono, moja baada ya nyingine, nahodha akiwa kando yako.

AIS, kifaa cha redio kinachotangaza boti ilipo na kuonyesha vyombo vilivyo karibu, nayo inataka subira. Namba ya MMSI, inayoitambulisha boti kwenye redio, huanza na 634 kwa boti ya Kenya. Boti iliyonunuliwa Uingereza huenda bado imebeba namba inayoanza na 235, na ikibadilishiwa usajili lazima namba nayo ibadilike. Vifaa vingi humruhusu mtumiaji kuiingiza mara moja tu, na ukikosea kitarudi kwa muuzaji. Pesa zikiwa chache, ningeacha rada nikanunua EPIRB ya megahezi 406, kifaa cha dharura kinachoomba msaada kupitia setilaiti, kwa maana VHF hufika pale tu antena zinapoonana, na boti ikiwa mbali baharini, walio pwani hawaisikii.

Jaribio la mwisho lifanywe usiku, boti ikiwa majini na injini zikinguruma. Fungua sauti ya redio hadi usikie mikwaruzo yake ya kawaida, kisha washa taa za LED moja baada ya nyingine, ukianza na ile ya mlingotini iliyo karibu na antena. Mikwaruzo ikiongezeka, au meli zikipungua kwenye skrini ya AIS, taa hiyo ndiyo ya kubadilishwa, hata kama ilifungwa wiki iliyopita.