Andika bei kwenye nguo zako

Wewe unayefungua fremu ya nguo mwezi huu, nakuomba jambo moja: andika bei.

Mimi sikuandika kwa miaka mitatu. Mteja akiulizia gauni, nilitazama kwanza viatu vyake na mkoba, ndipo nitaje. Siku moja dada wawili wa tumbo moja walikutana harusini wamevaa gauni la aina moja kutoka kwangu. Mmoja alilipa 35,000, mwenzake 60,000. Niliwapoteza wote wawili, na mama yao.

Aliyenifungua macho ni Aristide Boucicaut, mtoto wa mtengeneza kofia wa Bellême, Ufaransa. Mwaka 1852 aliingia ubia katika Le Bon Marché, Paris, duka la wafanyakazi 12 lililouza faranga 450,000 kwa mwaka. Paris nayo ilikuwa na maduka mengi ya kupatana bei, na ukiingia ulitarajiwa ununue. Yeye aliweka bei moja kwa kila mtu, akaacha watu waingie, washike vitambaa, watoke mikono mitupu. Asiyeridhika alirudisha bidhaa. Faida ya kila kipande aliifanya ndogo ili mzigo uzunguke upesi. Alipofariki mwaka 1877, mauzo yalishapita faranga milioni 70, na mkewe Marguerite, ambaye kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha, akaliendeleza.

Basi nilikata maboksi ya viatu vipande vidogo, nikaandika bei kwa wino mzito, nikafunga kila kimoja kwa uzi chini ya kwapa la gauni. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. "Hata 500 hupunguzi, dada?" Wengine waliondoka wamenuna. Usilegee hapo, ukimpunguzia mmoja, kile kikaratasi hakina kazi tena.

Kisha nikabandua lile tangazo la "Mali ikishauzwa hairudishwi". Natoa siku saba, mradi kikaratasi hakijakatwa. Wa kwanza kurudisha alikuwa mama mmoja, gauni la kipaimara la bintiye lilimbana mabegani. Nilimhesabia pesa zake palepale. Alizikunja, lakini hakuzitia kwenye pochi. Alibaki nazo mkononi, akaanza kupekua magauni ya upande wa pili, moja moja, akisoma bei.