Maswali na Majibu: Charity Adams na Wiki Zake Sita za Uafisa

Tangu niandike juu ya Charity Adams, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa kamisheni katika kikosi cha wanawake cha Jeshi la Marekani mwaka 1942, barua hazijakoma. Leo najibu baadhi yake, kuhusu mafunzo yake ya uafisa ya wiki sita na maisha yake baada ya hapo.

Makadeti wa Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi la Tanzania, hufunzwa kwa muda mrefu. Yeye alipataje uafisa kwa wiki sita? (Msomaji, Arusha)

Ilikuwa vita. Sheria ya kuunda kikosi hicho ilipita Mei 1942, na Julai wanawake 440 walikuwa wamekwisha kuwasili Fort Des Moines, Iowa. Wapatao 40 kati yao walikuwa Weusi, na hao walitengewa mabweni yao na meza zao za kulia. Hata maafisa wanaume wengi wa vita vile walitoka katika kozi ya takriban miezi mitatu. Lakini anayehesabu wiki sita peke yake anahesabu vibaya. Adams alipoingia kambini tayari alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Wilberforce aliyoipata mwaka 1938, alikuwa amefundisha hisabati na sayansi huko Columbia, South Carolina, na nyakati za likizo alikuwa akisomea shahada ya pili. Kambi ilimfundisha gwaride na taratibu za jeshi. Uwezo wa kuongoza watu alikuja nao kutoka kwa baba yake mchungaji, mama yake mwalimu, na darasani. Nitaendelea kulisema hili hadi wazazi wanaowaharakisha mabinti wao waache masomo wanielewe.

Alipigana katika uwanja gani wa vita? (Msomaji, Mwanza)

Hakupigana, na nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi mno. Tafadhali someni makala kabla ya kuandika. Akiwa meja aliongoza Kikosi cha 6888, wanawake 855, kilichopelekwa Birmingham, Uingereza, mapema mwaka 1945 kupanga mamilioni ya barua za askari zilizokuwa zimerundikana. Walipewa miezi sita, wakamaliza kwa mitatu, wakipokezana zamu tatu usiku na mchana. Askari aliyekaa miezi bila kujua kama mama yake yu hai hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo.

Ni kweli alimkatalia jenerali, au ni mambo ya filamu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, naye mwenyewe alilisimulia katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1989. Jenerali aliyekuja kukagua alikasirika kwamba baadhi ya askari hawakuwapo kwenye gwaride, ilhali wengine walikuwa kazini na wengine wamelala baada ya zamu ya usiku. Akatishia kumleta luteni mzungu aje amwonyeshe namna ya kuongoza. Meja Adams akamjibu kwamba hilo halitatokea maadamu yeye yu hai. Jenerali akataka kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi.

Wasomaji wengi hulishangilia jibu lile na kuishia hapo, kumbe lililomwokoa ni jingine. Yeye na maafisa wake walijua kwamba makao makuu yalikuwa yametoa waraka wa kuwaonya makamanda dhidi ya kauli za kuchochea ubaguzi wa rangi, wakaanza kuandaa mashtaka yao dhidi ya jenerali kwa kuutumia waraka huohuo. Jenerali akaiacha kesi. Ujasiri bila kusoma nyaraka ungemvua cheo.

Baada ya vita alikuwa nani? (Msomaji, Dodoma)

Alipanda hadi cheo cha luteni kanali, akaacha jeshi mwaka 1946 na kumaliza shahada ya pili ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Alifanya kazi vyuoni, akaolewa mwaka 1949 na mwanafunzi wa udaktari, wakaishi Zurich, ambako alijifunza Kijerumani na kuendelea na masomo. Baadaye alihamia Dayton, Ohio, akalea watoto wawili, na mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa kuwaandaa viongozi Weusi wa mji huo. Alifariki mwaka 2002. Sheria ya kukitunuku kikosi chake medali ya dhahabu ya Bunge ilipitishwa miaka 20 baadaye, na mimi siwezi kuisifu nchi iliyongoja kiasi hicho.

Kambi ya jeshi iliyoko Virginia, Marekani, bado ina jina lake?

Hapana. Iliitwa Fort Gregg-Adams mwaka 2023. Mwaka 2025 jina la Fort Lee likarudishwa.

Na Kenya, mwanamke wa namna yake jeshini ni nani? (Msomaji, Nakuru)

Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza nchini humo kufikia cheo hicho, mwaka 2018. Yeye aliingia mwaka 1983 kupitia kikosi cha wanawake pekee, kilichovunjwa mwaka 1999. Marekani ilikuwa imekivunja chake mwaka 1978. Vikosi vya namna hiyo huanza kuwa mlango, kisha hugeuka ukuta.

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi, anataka kuacha chuo aende jeshini. Nimruhusu? (Mama, Morogoro)

Mama yangu, amalize kwanza. Jeshi huchukua wataalamu wenye shahada, na siku atakapotoka jeshini, kwa hiari au kwa kustaafu, shahada atatoka nayo. Na kama kuna mtu amekwisha kukuomba fedha ili ampatie nafasi, usimpe hata shilingi. Nenda polisi ukamtaje.