Barua kwa mwanangu: ulifika, ukapitiliza

Malindi, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mamako anakusalimu sana, na goti lake limepoa. Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili kabla ya kulala. Umeniuliza: "Baba, hadithi hii nimeiandika mara sita sasa. Sura ya bibi anayengoja meli Mkoani, Pemba, nimeitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Nitajuaje kama kazi imekwisha?" Sikukujibu kwa simu kwa sababu jambo lenyewe linataka kukaa kitako.

Mimi si mwandishi. Ninachokijua ni mbao, basi nitakujibu kwa mbao.

Unakikumbuka kile kipande cha mfaa, mbao ya katikati ya mlango, kilichotundikwa ukutani karakanani, juu ya benchi la babu yako? Mlikuwa mkicheza chini yake mkidhani ni pambo. Kisa chake sijapata kukuhadithia.

Nilikuwa na umri wako huu, nimepewa mlango mzima peke yangu kwa mara ya kwanza. Mbao ya mfenesi, bado ina ile njano yake kabla haijageuka hudhurungi. Miimo nimeshamaliza, kizingiti cha juu kimetulia, umebaki mfaa. Na mfaa ndio jicho linapoangukia kwanza, maana ndio unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Nilichora mawaridi tisa, moja juu ya jingine, na kamba iliyosokotwa pande zote mbili. Alhamisi jioni nikaupiga msasa, nikaupangusa vumbi, nikaenda kusali Isha. Mwenyewe angekuja kuuchukua Jumamosi.

Usiku nikarudi na taa. Waridi la tatu kutoka chini niliona limelala kidogo kuliko mengine. Nikashika bobari, ile patasi ya mviringo, nilizidishie kina. Nyuzi za mfenesi zinapinda, na chuma kilipofika penye mpindo kikaondoka na ncha ya jani moja la ua. Kipande chenyewe hakikuzidi ukucha wa mtoto. Badala ya kusimama hapo, nikalishusha waridi zima ili jeraha lisionekane. Likawa chini kuliko mawili ya jirani, nikayashusha na hayo. Kufika alfajiri mawaridi yote tisa yamebaki kama maandishi yaliyofutwa kwa kiganja, na kamba za pembeni zimesimama juu peke yao.

Babu yako akaja. Akapitisha mkono kutoka juu hadi chini, taratibu, kama anayempapasa mgonjwa. Akasema, "Ulifika, ukapitiliza." Hakuongeza neno. Tukachonga mfaa mwingine, mwenye mlango akangoja wiki tatu, na ule ulioharibika akaukata kipande, akakitundika kwa mkono wake mwenyewe.

Neno lile nimekaa nalo miaka mingi. Alhamisi ile sikuwa na kasoro ya kurekebisha, nilikuwa na wasiwasi tu. Kasoro unaiwekea kidole: mlango unakwaruza sakafu, mbao imepinda, ua moja limegeukia upande wake. Wasiwasi hauna pahala pake. Ukiutengenezea waridi, unahamia kwenye kamba. Ndiyo maana umemtoa yule bibi ukamrudisha ukamtoa. Angekuwa kasoro ungemwondoa mara moja, wala usingemkumbuka tena.

Kisha kuna jambo jingine, na hili nadhani ndilo lako hasa. Ulipoanza hadithi hii ulikuwa na miaka ishirini na tano, huna mume, unalala chumba cha uani. Leo uko Dar es Salaam, una mtoto, unafanya kazi na watu wa kila namna. Kila mwaka umejifunza kitu, na kila ulichojifunza umekipeleka mle mle. Ukurasa wa kwanza ulituahidi kwamba binti atamtafuta babake, aliyekwenda Pemba msimu wa karafuu asirudi. Nakala ya tano ikaingia mambo ya viwanja na hoteli za Nungwi. Ya sita ina mume asiyepokea simu. Ni mambo mazito na ya kweli, nimeyasoma kwa uchungu. Lakini huo ni mlango wa pili, unauchonga juu ya mlango wa kwanza, katika mbao ile ile, na mbao ina unene wake.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Nakala ya nne nilimsomea mamako barazani, naye anashona kofia. Tulipofika pale binti anaikuta kanzu ya babake imeanikwa kwenye kamba ya watu wengine, sindano ikasimama. Akabaki ameishika hewani, uzi unaning'inia, mpaka nikamaliza ukurasa. Akaniuliza moja tu: "Kwa hiyo anamwona, hamwoni?" Ya sita nilipomsomea aliniuliza huyu ni nani, yule katokea wapi, hoteli hii inahusu nini, kisha akaniomba tuendelee kesho.

Kwa hiyo jibu langu, kama babako na kama fundi: hadithi yako ilikwisha katika nakala ya nne. Ina kasoro moja, nayo naiwekea kidole. Umeandika karafuu zimejaa majamvini zinaanikwa katikati ya masika, mvua za Aprili zile. Nani ataanika karafuu chini ya mvua kama ile? Zitavunda. Mvuno mkubwa uweke baada ya hapo, jua likiwepo, na ile safari ya meli ifuate tarehe hiyo. Rekebisha hapo tu. Bibi wa Mkoani mwache akae kwenye benchi lake, angoje meli yake. Na hayo ya mume na ya hoteli yatafutie mbao mpya. Yanastahili.

Najua utasema moyo bado hautulii. Hautatulia, mwanangu, wala usiungoje. Washairi wetu wamelitengea jambo hili ubeti mzima wa mwisho, wanauita kaditama, na neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, maana yake imeshatimia. Mshairi analitamka kwa kinywa chake, hangoji mtu amletee habari. Na Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu. Taarabu ukumbini haina haraka, watu wanatunza, ubeti unarudiwa. Mle ndani ya sahani ilibidi achague ubeti upi uingie na upi ubaki nyumbani, na sauti yake inasikika mpaka leo. Wewe hukuwekewa sahani na mtu yeyote, na mwaka wa nne huu unaongeza beti.

Basi nakuwekea mimi. Rekebisha habari ya karafuu, halafu nakala ya nne uipige chapa, uitie bahasha, unitumie kwa boti kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Ikishatoka mkononi mwako usiifungue tena kwenye kompyuta. Mamako nimeshamwambia, na miwani ameitoa kwenye kasha. Anasema safari hii atasoma mwenyewe.

Mbusu mjukuu wangu, na mkwe wangu mpe salamu.

Ni mimi babako